Wifi Yangu wa Nyuma ya Pazia

Wifi yangu ni dobi, na mimi ni shangazi wa mtoto wake, kwa hiyo nina haki zote za kumsema. Nimemsema tangu siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha. Yeye naye amenisema zaidi, tena kwa ufasaha unaonishinda, na hakuna aliyewahi kumkosea mwenzake. Asiyejua utani wa mawifi asije akatuamulia ugomvi.

Duka lake liko pembeni mwa barabara, kati ya kinyozi na fundi viatu. Ukiingia unapokewa na mvuke kabla hujamwona mwenyewe. Yuko nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mkononi, chupa ya maji ya wanga karibu na kiwiko, na juu ya kichwa chake zimening'inia nguo za watu, kila moja na kikaratasi chake. Mteja hapati nafasi ya kufungua mdomo. Wifi anamwambia suruali ya kijivu na mashati mawili viko tayari, shati moja lilikuwa halina kifungo na kimeshashonwa, na hapana, doa la chai halikutoka lote. Mtu anaingia, anachukua nguo zake, anaondoka, hajatamka neno hata moja, na njiani anajiona kama amezungumza sana.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Kaka yangu ni fundi wa majokofu, na kabla ya kuoa alikuwa mpiga soga wa kutegemewa. Siku hizi anaanza sentensi, anasubiri, mkewe anaimalizia, naye anaitikia kwa kichwa na kuendelea kula. Siku moja nilimuuliza kama jambo hilo halimkeri. Akakohoa kidogo ili anijibu, na wifi akapaza sauti kutoka jikoni kwamba halimkeri hata kidogo.

Kipaji hicho kikaja kupata kiti chake. Tuna kikundi cha maigizo kinachofanya mazoezi kwenye ukumbi mkuukuu ulio nyuma ya gereji, na mimi ndiye mpiga kinanda. Wifi alikuja mara ya kwanza kuleta nguo za jukwaani alizozipiga pasi. Akawa amesimama nyuma ya pazia la kushoto akisubiri arudishiwe henga zake za kutundikia nguo, mwigizaji mmoja akakwama katikati ya maneno, na wifi akamtupia lile lililokosekana. Hakuondoka tena. Aliwekewa kiti palepale, na tangu hapo kazi yake ikawa kuwanong'oneza waigizaji kila wanaposahau. Wakampa jina la Mama Pazia.

Kwa sababu yake kikundi chetu kikaota tabia ambayo sijaiona kwingine. Mwigizaji wetu akisahau, hababaiki, haangalii dari, hajikuni. Anageuza tu kichwa upande wa kushoto na neno linakuja. Mazoea hayo yakawaingia mpaka kwenye damu. Msusi wetu, ambaye siku zote anaigiza akina mama, aliulizwa umri wake hospitalini akageuza kichwa kushoto. Nilikuwa naye, nimeona kwa macho yangu.

Sasa nije kwa mtoto. Kitinda mimba wao ni msichana, na shuleni walimpa jina la Kimya. Si kwamba hakuwa na maneno. Tukibaki sisi wawili alikuwa akinichekesha mpaka nashika mbavu. Lakini tangu utotoni, kila alipoulizwa kitu, mama yake alikuwa ameshajibu. Atakunywa nini? Chai, isiwe ya moto sana. Anaumwa wapi? Tumbo, tangu jana, nilimwambia asile yale maembe mabichi. Mtoto anayejibiwa kila kitu hujifunza kufunga mdomo, maana mdomo wa nini? Mahali pekee alipopumua ni kwenye kuimba na kikundi chetu. Wimbo una mwendo wake, mwendo naushika mimi, na hapo mama yake hawezi kumrukia.

Alipomaliza shule aliomba chuo cha uuguzi, akaitwa kwenye usaili. Mama yake akamsindikiza. Afadhali angeishia getini. Aliingia naye mpaka chumbani, akavuta kiti, akakaa. Mkuu wa usaili alimuuliza binti kwa nini anataka kuwa muuguzi, mama akaeleza. Akamuuliza angefanya nini mgonjwa akikataa dawa, mama akaeleza hilo pia, tena vizuri tu. Mwishowe yule bwana akavua miwani yake na kusema, "Mama, nafasi ni moja. Ni yako au ya binti?"

Wifi alituhadithia kisa hicho mezani kama kichekesho, na tukacheka kweli, mpaka nilipomtazama Kimya. Alikuwa ameinamia sahani yake. Hakuchukuliwa, aliambiwa ajaribu tena mwaka unaofuata. Ubaya wa mtu mkimya akinuna ni kwamba hakuna anayegundua. Mimi nilijua kwa sababu aliniambia tukiosha vyombo, bila hasira, huku akisugua sufuria: "Shangazi, kama mwaka kesho nitakwenda tena na mama, bora nisiende kabisa." Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Akaniuliza nani aliwahi kumwambia mama jambo likafika mwisho.

Hapo ndipo ukaja mchezo wenyewe. Mwalimu wa muziki, ambaye ndiye mtunzi na mwongozaji wetu, aliandika mchezo wa kuigiza wa nyimbo kuhusu vijana wanaobalehe, akauita "Ndevu za Kwanza." Kuna mvulana mwenye nywele tatu kidevuni anazozichana kila asubuhi kwa chanuo la dada yake. Kuna mwenzake ambaye sauti inamgeuka katikati ya wimbo wa mapenzi, anaanza kama ndege anamaliza kama trekta. Kuna wasichana wanaogombania kioo kimoja, na baba mlevi, na chunusi nyingi za kupakwa kwa rangi. Na kuna msichana ambaye mwishoni kabisa anasimama mbele ya mama yake na kumwambia anataka kuondoka nyumbani akasome. Anasema maneno machache, kisha anaimba. Nafasi hiyo alipewa Kimya.

Watu waliupenda mchezo mpaka wenye jumba la sinema la mjini wakasema tuupige picha, nao watauonyesha. Tukakodi wapiga picha na vyombo vyao kwa Jumamosi na Jumapili. Jumamosi tungerekodi bila watazamaji ili kamera zitukaribie, na Jumapili ukumbi ungejaa. Walikuja na kamera zao, na fundi sauti wao akatundika vinasa sauti kila mahali, mpaka nyuma ya mapazia, akitembea huku na huko kama anayeanika nguo. Hakuna aliyefikiria kumtajia kile kiti cha kushoto. Kwetu sisi kiti kile kilikuwa kama ukuta, nani anamtajia mgeni ukuta?

Jumamosi ilikwenda vizuri ajabu. Jioni mwongozaji akatukusanya tusikilize tulichorekodi. Ndipo tukagundua kwamba wifi yangu hanong'onezi maneno yaliyosahauliwa tu. Ananong'oneza yote. Mchezo mzima, kila mtu, na anawatangulia kidogo. Baba mlevi kabla hajapiga meza na kuuliza hii nyumba ni ya nani, kuna mwanamke aliyeuliza kwanza, polepole, hii nyumba ni ya nani. Mvulana wa ndevu tatu alipomshika mpenzi wake mkono na kufungua kinywa, aliyesema "nakupenda" wa kwanza alikuwa dobi mwenye watoto wanne.

Tulivunjika mbavu. Fundi sauti alivua spika zake za masikioni akalala kifudifudi juu ya meza. Wifi mwenyewe alicheka kuliko wote, akifuta machozi kwa upindo wa gauni, mpaka alipoona kwamba mwongozaji hacheki. Kazi yote ya siku ile ilikuwa imeharibika. Kilichobaki ni Jumapili peke yake, mara moja tu, mbele ya watu.

Mwongozaji alisema kwa upole kwamba kesho Mama Pazia apumzike nyumbani. Vijana wakagoma. Walisema wakigeuza kichwa wakakuta kiti kitupu watasahau hata majina yao. Wakabishana weee, na mwisho ikakubaliwa kwamba atakaa kwenye kiti chake kama kawaida, ila mdomo ufungwe. Hata mtu akikwama namna gani, asitoe hata pumzi. Wifi alikula kiapo mbele yetu sote. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba simwamini, naye akaniambia nitunze kinanda changu kinachokohoa.

Watu walipotawanyika tulibaki sisi watatu tukikusanya nguo za jukwaani. Kimya akamsogelea mama yake aliyekuwa anafunga vifungo vya shati la baba mlevi.

"Mama," alisema.

"Najua, mwanangu, unaogopa kwamba kesho..."

"Hujui." Alilisema taratibu, na wifi akaacha vile vifungo. "Kesho nikikwama, niache. Hata nikisimama pale mpaka watu waende zao. Niache."

Wifi akaanza kumwambia kwamba bila shaka ataacha, si ameshaapa, picha haiwezi kuharibika mara mbili. Kimya akatikisa kichwa. "Picha ni ya mwalimu," alisema. "Hili ninakuomba mimi." Kisha akajitwika furushi la magauni akatoka, na wifi akabaki ameshika shati. Nilijiandaa kumtania, nikaacha. Niliogopa. Nilijua yule mtoto haongelei jukwaa, na nilijua mama yake hajawahi kukaa kimya maishani, hata akiwa usingizini. Kaka yangu ni shahidi.

Jumapili ukumbi ulifurika. Wifi alikuwa amepiga pasi mpaka leso za mfukoni. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, midomo ameikaza kama mtu aliyeweka pini kinywani. Mchezo ukaanza. Mvulana wa ndevu tatu aliwachekesha watu hata kabla hajasema kitu. Mlevi akasahau maneno yake mapema tu, akageuza kichwa kushoto, akakutana na wifi anayemkodolea macho bila kutoa sauti, na nadhani ni kwa hofu tu maneno yakamrudia. Wasichana wa kioo walichanganya beti mbili wakazirekebisha wenyewe. Kila walipogeuka, wifi aliinua nyusi, akameza mate, akanyamaza. Nilianza kumheshimu, jambo ambalo silipendi.

Tukafika mwisho. Kinanda changu kiko pembe ya kulia, nyuma kidogo, kwa hiyo nilikuwa naona mgongo wa Kimya, na ng'ambo yake, pembeni mwa pazia, naona uso wa wifi. Shati la mlevi lilikuwa limeshavuliwa, wifi amelipakata. Msusi, mama wa jukwaani, alikuwa anakunja nguo kitandani. Akainua uso na kumuuliza binti yake: umesimama hapo muda wote, una nini?

Kimya alitakiwa kujibu, "Mama, nataka kwenda." Hakujibu.

Vidole vyangu vilikuwa juu ya kinanda. Nikasubiri. Msusi akakunja tena gauni alilokwisha kulikunja. Hakuna kitu. Msusi akageuza kichwa kushoto. Vijana waliokuwa wamekaa nyuma ya jukwaa kusubiri wimbo wa mwisho wakageuza vichwa kushoto, wote kwa pamoja. Mimi nami nikageuka huko. Kimya peke yake ndiye aliyebaki anatazama mbele.

Na wifi, jamani. Maneno yalikuwa yamemjaa kinywani, niliyaona. Mashavu yalimtetemeka. Aliinuka nusu, akaketi. Alinitazama kwa macho ya kuomba msaada, kana kwamba mimi ningeweza kumpa ruhusa. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kumcheka. Nami nilitaka kuharibu, sitawaficha. Kidole kimoja kilishagusa kitufe cha kwanza cha wimbo ili nimwokoe mtoto, nikakirudisha. Ukimya ule ulitosha mtu kupiga pasi shati zima, mikono na kola. Watu wakaanza kujigeuza kwenye viti. Mtu akakohoa. Wifi akalishika lile shati kwa mikono miwili, akaingiza kola yake kinywani, akaiuma, akafumba macho.

Ndipo Kimya akasema, "Mama, nataka kwenda."

Akayasema yote yaliyofuata, moja baada ya jingine, hakukosea hata moja, wala hakuharakisha. Nikapiga wimbo. Aliimba vizuri kuliko siku zote, na ukumbi ukasimama. Lile shati wifi alilitoa mdomoni makofi yalipoisha, kola ina alama za meno na midomo yake imekuwa myeupe kwa wanga. Akasema tu kwamba afadhali mtoto alikumbuka, loo, alikuwa karibu kufa. Kimya alimkumbatia, akaenda kufuta chunusi zake. Sote tuliamini hivyo, kwamba alisahau akakumbuka.

Tuliuona mchezo wetu kwenye jumba la sinema wiki chache baadaye. Tulikaa familia nzima mstari mmoja, kaka yangu kavaa koti. Ni jambo la ajabu kujiona pale juu, na mimi nilishangaa kwamba hakuna aliyewahi kuniambia ninapopiga kinanda natoa ulimi. Tulicheka pale pa kucheka. Kisha likaja lile swali la msusi, na kamera ikamsogelea Kimya usoni.

Siku ile mimi nilikuwa naona mgongo wake, na mama yake aliona ubavu wake. Sasa uso wake ulijaa ukuta mzima. Nami nawaambia, nimekaa na waigizaji miaka mingi na nawajua waliosahau. Macho yao yanakimbia. Ya Kimya yalikuwa yametulia. Hakuwa anatafuta neno lolote. Alikuwa amesimama, ametega sikio, anasubiri.

Wifi alijisogeza mbele ya kiti. Akaangalia mpaka binti yake akaongea pale ukutani. Kisha akamgeukia yule aliyekaa pembeni yake.

"Hukusahau," alimwambia.

"Sikusahau."

"Sasa ulikuwa unafanya nini pale, na mimi roho inanitoka?"

"Nilikuwa nasikiliza kama utasema."

"Na ningesema?"

Kimya hakumtazama. "Ningerudia ulichosema, kama siku zote," alijibu. "Na kwenye usaili nisingekwenda tena."

Wifi yangu alilia. Hakulia kwa madaha. Alilia mpaka watu wa mstari wa mbele wakageuka, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia. Kaka yangu alianza kusema, "Mke wangu, huyu mtoto..." kisha akasubiri kama ilivyo desturi yake. Hakuna aliyemmalizia. Akaangalia huku na huku, akaona ni kazi yake sasa, akamaliza mwenyewe kwamba huyu mtoto ameimba vizuri sana.

Siku ya usaili wa pili tulikwenda watatu, kwa sababu wifi alisema anahitaji mtu wa kumshika. Mlangoni tulimkuta mkuu yule yule na miwani yake. Akamtazama wifi, akamkumbuka, nikaona anajiandaa. Wifi akamwambia kwamba yeye atasubiri nje. Binti akaingia, mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Sauti zilikuwa zinasikika kwa mbali, hazishikiki. Wifi aliniuliza anasema nini. Nikamwambia sijui, mlango umefungwa, ana masikio kama yangu.

"Hata mimi sijui," alisema. "Nimekaa naye maisha yake yote, wifi, na sijui anawaambia nini."

Nilimshika mkono. Mle ndani mtu akacheka. Kisha wakacheka wote, kicheko kikubwa cha watu wazima waliosahau kwamba wako kazini, na sauti ya mtoto wetu ikaendelea katikati yake. Wifi akasimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni, akarudi akakaa.

"Amewaambia nini?" aliniuliza.

Chuo kilimchukua, na sasa yuko mwaka wa pili. Lakini kilichowachekesha watu wale mpaka leo hatukijui. Kimya hajatuambia, na wifi yangu hajamuuliza.